Meno Yangu Manne na Neno la Siri la Kliniki Yenu

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Meno,
Ghorofa ya Pili, juu yangu.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUPUNGUA KWA MENO YANGU KWA SABABU YA KUFUATA UTARATIBU

Natumai barua hii inakukuta mzima na mikono yako imetulia, maana Jumatatu ijayo itakuwa tena kinywani mwangu. Sisi huku chini hatujambo, isipokuwa mimi, kwa kiasi cha meno manne.

Mimi ndiye fundi saa wa ghorofa ya chini, mlango wa kushoto ukiingia. Umezoea kuniona nimelala chali, kwa hiyo nimeona nikuandikie nikiwa nimekaa. Nina umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na minane nimefungua saa za watu, nikazisafisha na kuzifunga, na sijawahi kutoa kipuri kwenye saa inayokwenda.

Chanzo cha yote ni binti yetu wa pekee. Ni muuguzi, ameolewa nchi ya mbali, na mwaka huu alituarifu kwamba ana mimba. Akatutumia simu janja, na ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi: "Baba, Mama, nataka mlione tumbo linavyokua." Mke wangu, ambaye ni mshona mapazia, alikisoma mara tatu, akakibana kwa pini kwenye pazia alilokuwa akishona ili kisipotee. Pazia likachukuliwa na mteja, na kikaratasi kikaenda nalo.

Tatizo ni jengo letu. Kuta zake ni nene, na simu ikiwa ndani haishiki mnara wowote. Barabarani inashika, lakini kule kuna watu wa matairi upande mmoja na kipaza sauti cha wauza viatu upande wa pili, na binti yangu hawezi kuwaonyesha tumbo lake watu wa matairi. Nilijaribu njia nyingine za halali. Maktaba ina Wi-Fi kwa wasomaji wanaokaa kimya. Mke wangu si msomaji wa namna hiyo. Kituo cha mabasi kina Wi-Fi kwa abiria wenye tiketi. Nilikata tiketi, na kwa kuwa mwenye tiketi ni abiria, nilisafiri. Nilirudi kesho yake mchana.

Ndipo nikaliona tangazo mlangoni kwenu: "WI-FI BURE KWA WAGONJWA WETU. NENO LA SIRI ULIZA MAPOKEZI. HUBADILISHWA KILA JUMATATU." Nikapanda ngazi, nikamsalimu dada wa mapokezi, nikauliza. Akasema, "Baba, wewe ni mgonjwa wetu?" Nikamjibu hapana, mimi ni jirani tu, sina ninapoumwa. Akanitazama kwa huruma akasema, "Oo. Pole, Baba."

Daktari, ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa pole kwa kuwa mzima. Nikamwomba anifungulie faili. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba katika kliniki yenu ukweli hautibiki. Jumatatu ya kwanza uliniuliza jino gani linauma. Mimi si mwongo, nikasema hakuna. Ukatikisa kichwa, ukamwambia msaidizi wako anayeshika taa, "Yasiyouma ndiyo ya kuogopa." Nikasafishwa meno yote, hata yale ambayo nilikuwa nimeshayasafisha asubuhi. Simu nilikuwa nimemwachia mke wangu chini, kwa kuwa kwenye kiti chako hairuhusiwi. Nikateremka na kikaratasi chenye neno MswakiMaraMbili, nikaliandika kwa kidole kimoja, simu ikafikiri kidogo, na binti yangu akatokea. Alikuwa amesimama jikoni kwake, kajigeuza upande, shati kalivuta nyuma. Mke wangu akaweka kiganja kwenye kioo cha simu, pale penye tumbo, na picha ikapotea kwa kuwa alikuwa amebonyeza kitu. Tukapiga tena. Baada ya siku ile nisingeweza kukosa Jumatatu hata moja, na nadhani faili langu linaonyesha kwamba sijakosa.

2. Jumatatu ya pili nilizibwa jino. Neno la juma hilo lilikuwa UsileSukari7. Sina la kuongeza hapa, ila kwamba jino lenyewe halikuwa na tundu mpaka ulipolitoboa ili upate pa kuziba.

3. Kuhusu watu wasio na faili. Baada ya kuzibwa nilikwenda kunyolewa, na kinyozi akaniuliza mbona nazungumza kama niliyeficha kokwa ya tende shavuni. Nikamweleza. Akacheka hadi akazima mashine. Akasema, "Mzee wangu, Wi-Fi ya kliniki? Mtaa mzima tunakunywa hapo. Lete simu nikuwekee." Nikakataa. Nilimwambia kwamba mjukuu wangu hatakuja kuonekana kwa mara ya kwanza kupitia njia ya uani kama kuku wa wizi. Akaniambia, "Haya, uungwana wako utakutoa meno." Wakati ule nilidhani ni maneno ya kinyozi. Leo nimefanya uchunguzi: kinyozi, dobi, na yule mwenye duka la vioo wanatumia mtandao wenu tangu mwaka juzi, na nimewachungulia vinywa vyao wakicheka. Wote wana meno yote. Katika mtaa huu mwenye mapengo ni mimi peke yangu niliyepita mlangoni.

4. Kuhusu ganzi na kuzaliwa kwa mjukuu wangu. Hili ni lalamiko kubwa, naomba ulisome ukiwa umekaa.

Jumatatu ya tatu uling'oa jino langu la mwisho la chini, kulia, kwa tahadhari. Niliposhuka, nusu ya uso wangu haikuwa yangu. Neno la siri la siku hiyo lilikuwa TabasamuPana. Nililiandika, simu ikafikiri kama kawaida yake, binti akatokea, na mimi nikamsalimu. Nilichokusudia kusema ni, "Hujambo mwanangu, tumbo linaendeleaje?" Kilichotoka sikijui, lakini kilitoka na mate, upande mmoja.

Nimekwisha kueleza kwamba binti yangu ni muuguzi. Akaacha kutabasamu. Akasema, "Baba. Nyanyua mikono yote miwili." Sikuelewa, lakini sauti yake ilikuwa ya kazini, nikanyanyua mikono yote miwili. Simu ilikuwa katika mmoja wao. Ikaponyoka, ikapiga ukingo wa meza, ikaanguka chini kifudifudi. Mke wangu alikuwa ameingia na mzigo wa mapazia; akautupa, akashika kichwa, akapiga ukelele, "Imekufa! Jamani, imekufa!" Alikuwa anaisema simu. Lakini simu ilikuwa haijafa, na upande wa pili binti yangu, aliyekwisha kuona mdomo wa baba yake umekwenda upande kama wa mwenye kiharusi, aliona giza akasikia, "Amekufa!"

Daktari, ni herufi moja tu. Tulipoiokota simu tukasikia kiti kikianguka huko kwake, na mumewe akimwita. Kisha ikakatika.

Tulikaa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni bila kujua lolote. Mke wangu alikuwa akinitazama, halafu akitazama simu, halafu akinitazama tena. Mteja mmoja alikuja kuchukua saa yake. Nilimpa ya mtu mwingine, naye akaipokea, na mpaka leo hajairudisha. Ganzi ilipoisha nilianza kusikia maumivu, nikashukuru, maana yalinipa kitu kingine cha kufikiria. Saa kumi na nusu simu ikalia. Alikuwa mkwe wetu. Akageuza simu yake, akatuonyesha. Mtoto wa kike, katangulia majuma matatu, ngumi moja iko shavuni. Binti yetu nyuma yake amejilaza, na alipotuona, kitu cha kwanza alichosema ni, "Baba, tabasamu." Nikatabasamu kwa pande zote mbili. Hapo ndipo akalia.

Mtoto ni mzima, tunamwita Kaharaka. Lakini ukweli unabaki kwamba amezaliwa kwa sindano uliyonichoma mimi.

5. Kwamba kosa moja limehalalisha makosa mengine. Jumatatu ya nne ulikagua kidonda, nami nikapata neno la siri bila kupoteza kitu, nilidhani tumeelewana. Jumatatu ya tano ukang'oa jino la juu lililokuwa likitazamana na lile la kwanza, ukisema, "Huyu sasa amebaki hana mwenzake wa kutafuna naye." Jumatatu ya saba ukang'oa la kushoto chini ili pande zote ziwe sawa. Jumatatu ya tisa, mwenzake wa juu, kwa hoja ile ile ya upweke. Mimi nikitoa gurudumu moja kwenye saa, halafu nitoe la pili kwa sababu la kwanza halipo, mwenye saa ataniitia polisi. Wewe nilikwambia "ahsante", kwa kuwa dada wa mapokezi alikuwa ameshika kikaratasi.

6. Kuhusu siku zijazo. Nilipofungua faili nilikuwa na meno thelathini. Sasa nina ishirini na sita. Kwa mwendo wenu wa jino moja kila baada ya majuma mawili, yataisha baada ya majuma hamsini na mawili. Nimemuuliza dada wa mapokezi: asiye na jino hata moja anapelekwa kwa mtengeneza meno ya bandia, na faili lake kwenu linafungwa. Maana yake, baada ya mwaka mmoja nitakoma kuwa mgonjwa wenu, na nitakosa neno la siri. Mke wangu anasema mtoto huanza kutamka maneno akikaribia mwaka, mwingine akiupita kidogo. Kwa hiyo, Daktari, kwa hesabu zenu wenyewe, juma ambalo Kaharaka anatarajiwa kusema "babu" ndilo juma mtakalonitoa mtandaoni.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima:

(a) Nitambuliwe kuwa mgonjwa wa kudumu mwenye afya njema, na rejista yenu iongezwe safu ya watu wa namna hiyo, hata kama nitakuwa peke yangu ndani yake.

(b) Ikiwa sheria inataka lazima pawe na maumivu, basi likubaliwe goti la mke wangu, ambalo linauma kwa hakika na bila kutafutwa. Yuko tayari kulileta, ngazi zikimruhusu.

(c) Wote wanaotumia mtandao wenu bila faili waitwe kwa barua, na kila mmoja atoe jino moja la mwisho, ili sisi tuliofuata utaratibu tusionekane wajinga. Kinyozi aanze. Mimi nipo tayari kumshikia taa.

(d) Kliniki imwandikie binti yangu barua rasmi kuthibitisha kwamba tarehe tisa baba yake hakufa. Anaamini, lakini kila Jumatatu bado ananiambia ninyanyue mikono.

Naishia hapa kwa kuwa fizi inanivuta na mteja amesimama dirishani. Nisalimie dada wa mapokezi, ambaye sina kinyongo naye na mwandiko wake ni mzuri. Msalimie na msaidizi wako wa taa, pamoja na yule mama wa chumba cha kusubiri mwenye taya lililovimba. Mwambie dawa ya maji ya chumvi aliyonielekeza ilinifaa. Mke wangu anawasalimu nyote. Binti, mkwe na Kaharaka wanawasalimu pia, ingawa hawajui ni kwa nini.

Ni mimi, mgonjwa wenu kwa hiari,

Fundi Saa
Ghorofa ya Chini, Mlango wa Kushoto

Nyongeza baada ya sahihi: Nilimpa mke wangu aisome barua hii kabla sijaitia katika bahasha, kwa kuwa tahajia yake ni imara kuliko yangu. Alipofika kwenye tangazo lenu la mlangoni akanyanyua uso akaniuliza, "Wi-Fi ya kliniki?" Akaichukua simu, akabonyeza mahali ambapo mimi sijawahi kubonyeza, akanionyesha. Simu yetu iko kwenye Wi-Fi ya mjalidi vitabu wa mlango wa kulia, na imekuwa huko tangu Jumatatu ya kwanza. Nilipokuwa kitini kwako, mjalidi alipita kuazima mkasi. Mke wangu akamwomba, naye akaingiza neno lake la siri kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Tumieni tu, sisi si majirani?" Kumbe maneno yenu yote tisa simu iliyakataa, ikarudi kwa mjalidi kimyakimya, mimi nilidhani inafikiri. Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akasema alijua ninakwenda kutibiwa, na vile vikaratasi alidhani ni masharti ya daktari ambayo nayaandika kwenye simu nisiyasahau. Ndiyo maana chai yetu haina sukari tangu Jumatatu ya pili. Halafu akaniambia, "Kuuliza si ujinga, mume wangu," akarudi kwenye cherehani yake.

Kwa hiyo, Daktari, malalamiko yote sita nayafuta, pamoja na maombi (a), (b) na (c). Lakini miadi ya Jumatatu naomba usiifute. Tangu nione ile simu kuna jino limeanza kuuma, na safari hii linauma kweli.