Mama Mkwe wa Pamba

Josephat Maige,
Kiseke, Ilemela.
9 Machi 1983

Ndugu Meneja,
Duka la Ushirika la Wanasesere,
Mwanza Mjini.

YAH: MAMA MKWE NILIYEUZIWA BILA RIDHAA YANGU

Ndugu Meneja,

Nakusalimu, na natumaini nyuzi, sindano na wafanyakazi wako wote ni wazima. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi.

Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha pamba, na si mgomvi. Nimewahi kumpimia pamba mtu aliyekuwa ananitukana, na sikumpunja hata ratili. Lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Mwezi Januari tulimleta binti yetu Justa, mwenye miaka saba, aanze darasa la kwanza hapa. Alikuwa Usagara kwa bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Wiki tatu mtoto alilia. Alikataa ugali, akakataa uji, na mara mbili tulimkuta barabarani amefunga nguo zake kwenye kanga, anauliza njia ya Usagara. Mke wangu Dorotea akaniambia nikamnunulie mwanasesere. Nikaja dukani kwako na nia njema, mtoto nimemshika mkono.

Bibi huyo ndiye mama mkwe wangu. Katika ukoo wetu mama mkwe hatazamwi usoni, huli naye, na jina lake hulitamki hata ukiwa unazama ziwani. Kwa hiyo humu nitamwita Mhusika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Pale mlangoni mmeandika kwamba mteja hajichagulii, bali huchaguliwa mwanasesere na Mchaguzi wa duka baada ya kuhojiwa. Nilidhani ni jambo dogo, kama kupimwa viatu. Mchaguzi wenu, Ndugu Leonsia, mama wa Kihaya mwenye miwani na subira ya kutisha, alinikalisha, akafungua daftari, akauliza mtoto wangu anampenda nani kuliko watu wote. Nikasema kweli, nikajiponza kwa mdomo wangu mwenyewe. Akauliza sura ya Mhusika ikoje. Nikamweleza yote ninayoyajua baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, yaani miguu. Akaweka kalamu chini, akamgeukia Justa. Mtoto alitoa ushahidi kwa nusu saa nzima.

2. Ndugu Leonsia akapita rafu zote, akarudi na mwanasesere mmoja mnene, aliyeshindiliwa pamba mpaka mashavuni, na kilemba cha kitenge kichwani. Kisha akachukua sindano, akamtia mwanya wa meno na alama nyeusi kulia kwa pua. Justa akapiga kelele ya furaha, akamwita kwa jina la Mhusika mbele ya wateja wote. Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba mama mkwe wangu ana mwanya. Ndugu Meneja, hiyo si habari ya mtu kuipata dukani.

3. Tangu siku hiyo Mhusika wa pamba anakaa kwenye kiti changu, ameelekea mlangoni. Nyumba yetu ina mlango mmoja. Naingia kinyumenyume, nakohoa, napita ukutani mpaka chumbani. Chakula nakula nje, kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya jiko, na wewe unajua mvua za mwezi huu. Jana mchuzi wangu wa samaki sato ulikuwa mwingi zaidi nilipomaliza kula kuliko nilipoanza. Dorotea ananitazama kupitia dirisha na kucheka, nami siwezi kumgombeza, kwa kuwa mama yake yupo.

4. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mayala, alipita kuandika watu kwa ajili ya sukari ya mgawo ya duka la kaya. Alimkuta Justa peke yake, akaambiwa ndani yupo baba, mama, yeye mwenyewe na bibi, ila bibi amelala. Akaandika wanne. Sukari ikaja ya wanne. Nikaikoroga kwenye chai bila kuuliza, na nimekwisha kunywa nusu ya fungu la mama mkwe wangu. Kwetu kosa hilo lina faini ya mbuzi. Si hivyo tu: mtu aliyeandikwa kwenye sukari anaandikwa na kwenye kazi. Jumamosi iliyopita nilibeba mawe ya kujengea darasa zamu mbili, yangu na ya Mhusika, na Mzee Mayala akanisifu mkutanoni kuwa ni mkwe wa mfano.

5. Sifa hizo zimefika Usagara. Mhusika mwenyewe, yule wa nyama na damu, ameambiwa kwamba anaishi kwangu mwezi mzima sasa, kwamba analala kitanda kimoja na mtoto, na kwamba mkwe wake akimwona anakimbilia kwenye mawe. Amepeleka ujumbe kuwa Jumamosi hii atapanda basi aje kujionea. Nauliza, kwa heshima zote: akijikuta amekwisha kukaa kwenye kiti changu, mimi nitajificha nyuma ya jiwe lipi?

Kwa hiyo naomba Ndugu Leonsia afike kabla ya Jumamosi, amchukue Mhusika wa pamba na kutuachia mwingine asiye na undugu nasi. Hata askari nitampokea. Hata samaki.

Ila niseme jambo moja kwa haki, maana mimi ni mtu wa mizani. Tangu mwanasesere huyu aingie, Justa anakula, na shuleni anakwenda bila kusukumwa. Usiku namsikia akimsomea bibi yake a, e, i, o, u. Akiondolewa, naogopa tutamkuta tena barabarani na kanga yake, na safari hii huenda asigeuke. Hilo siwezi kulibeba. Basi naomba mbadilishe bila mtoto kujua. Mtakavyofanya sijui, ninyi ndio wataalamu.

Wasalimie mafundi wote, mlinzi wa mlangoni, na hata Ndugu Leonsia, ingawa kwa leo awe wa mwisho.

Wako katika ujenzi wa Taifa na katika kula nje,

Josephat Maige

Baada ya sahihi: Barua hii imekaa mfukoni siku nne kwa kukosa stempu, na leo ni Jumapili. Tafadhali asije mtu.

Mgeni alifika jana mchana. Justa alimkimbilia na mwanasesere mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya jiwe. Mama mkwe akamshika yule wa pamba, akamgeuza mbele na nyuma mpaka nikaanza kuhesabu mbuzi wangu. Halafu akacheka. Akamwambia Dorotea kwa sauti ya kunifikia kwamba mkwe wa kuogopwa ndani ya nyumba hii amekwisha kupatikana, basi Josephat amwogope huyo. Yeye amechoka kuogopwa, na ana njaa. Akaagiza yule wa pamba apelekwe chumbani, afunikwe kanga kwa heshima. Akakaa kwenye kiti changu, akaniita ndani.

Tumekula ugali na sato sahani moja. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisikia kicheko cha mama huyu kutoka ng'ambo ya ukuta. Sikujua kwamba akicheka hufunga macho. Nilitazama, Ndugu Meneja. Mwanya upo. Alama nyeusi iko kushoto, si kulia, lakini mwambieni Ndugu Leonsia asirekebishe kitu, na kwamba namshukuru sana.

Yule wa pamba ndiye Mhusika sasa, na bado napita mlangoni kwake kinyumenyume. Huyu anayemenya ndizi hapa mbele yangu, akiniuliza naandika nini, anaitwa Odeta. Amesema niliandike.