Homoni ya Kura

Jumatatu, 12 Septemba 1994

Alhamisi wafanyabiashara wa soko letu la Mkuyuni tunachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili: mimi Mihayo, muuza viatu vya mtumba, na Khalidi, muuza mchele. Atakayeshinda ndiye atakayegawa vizimba katika banda jipya. Kizimba cha mwisho kimepakana na choo. Khalidi keshasema hadharani kwamba chakula kikae mbali na choo, viatu viende huko, kwa sababu kiatu hakiliwi. Watu wakampigia makofi!

Mke wangu Kija, ambaye huuza viatu vya kike vingi kuliko mimi ninavyouza vya kiume, amesema chooni haketi hata siku moja. Kija akisema, amesema. Lazima nishinde.

Tena huyo Khalidi anawachekesha watu eti mimi nikisema “kura” inatoka “kula”. Wivu mtupu. Leo nimetamka mara kumi mbele ya kioo. Safi kabisa.

Jumanne, 13 Septemba

Nimepata wazo! Mama Shamsia, muuguzi mstaafu anayekaa nyuma ya soko, kila jambo la binadamu kwake ni homoni. Mtu akinenepa, homoni. Akinuna, homoni. Nikajiuliza: kwani hamu ya kura haina homoni yake? Kama ipo, ya nini kuhangaika na hotuba?

Nikaenda na daftari. Shikamoo, marahaba. Nikamwuliza ni kitu gani mwilini kinachompa mtu hamu ya kura. Uso wake ukachanua. Akasema miaka thelathini ya uuguzi, hajapata muuza viatu aliyemwuliza swali zuri namna hiyo.

Maajabu niliyoyasikia! Chini ya ubongo kuna kipande kidogo, kama punje ya karanga. Hicho ndicho bosi. Tumbo likiwa tupu na sukari ikipungua kwenye damu, kinapata habari, kinaamuru: hamu! Amri nyingine hupita kwenye mishipa ya fahamu, upesi kama simu. Nyingine ni homoni, husafiri ndani ya damu polepole kama barua, lakini hufika mwili mzima. Mtu akishatosheka, kongosho linamwaga homoni yake ya kuishughulikia sukari, ubongo unasema basi, mtu anatulia, hata kope zinakuwa nzito.

Nikaandika: anatulia. Vizuri sana. Mpiga kura aliyetulia hana fujo.

Nikauliza kama harufu nayo huleta hamu ya kura. Akasema bila shaka, hasa ya vitunguu vikikaangwa. Jamani! Vyama vingi vimeruhusiwa nchi nzima, na hakuna hata kimoja kilichofikiria vitunguu.

Jumatano, 14 Septemba

Asubuhi nimefanya majaribio nyumbani. Nimekaanga vitunguu huku nikiliangalia koo la Kija. Dakika ya tatu, akameza mate! Nikamwuliza haraka kura yake angempa nani. Akasema yeyote atakayeacha kumkodolea macho shingoni. Jibu halikukamilika, lakini koo nimeliona kwa macho yangu.

Mpango ni huu. Mkutano ni saa nane mchana. Saa saba, sufuria mbili za wali na mchuzi wa vichwa vya sangara, pale pale kando ya banda. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya siku hizi, sisi tumeachiwa vichwa. Mchele nimenunua kwa Khalidi mwenyewe. Ndio mchele mzuri kuliko wote sokoni, nitasemaje. Akauliza nina shughuli gani. Nikamjibu: sayansi. Akanipimia, akaongeza konzi moja juu, akanitakia heri. Masikini ya Mungu, hajui linalomjia.

Jioni nimezunguka vizimba vyote nikitangaza kwa sauti kubwa: kesho saa saba, ndugu zangu, nawaomba kura! Shangwe yake sijapata kuiona. Mama mmoja akauliza kama aje na watoto. Nikamwambia watoto hawaruhusiwi kisheria. Akasonya, akaniita mchoyo. Sikumwelewa.

Alhamisi, 15 Septemba

Aibu. Aibu tupu.

Vitunguu vilifanya kazi. Harufu ilipopanda tu, wanachama wakaacha bidhaa zao wakaja mbio. Watu thelathini na tisa, sijawahi kuwa na wafuasi wengi hivyo! Ila Khalidi na wenzake wanane hawakugusa kitu. Wamefunga Alhamisi, sunna. Walikaa kivulini wakitabasamu. Niliwahurumia kweli.

Wengine walikula kama kesho haipo. Wanane waliochelewa walikuta vichwa vimekwisha, wakapata mchuzi na ukoko, wakalalamika sana. Mimi nilikula sahani tatu, nisije nikaonekana nakidharau chakula changu mwenyewe. Kisha nikaegemea gunia la viatu nipitie hotuba.

Niliamka saa kumi kasoro robo. Wilhelmina, katibu wetu, alikuwa anafunga daftari. Uchaguzi umekwisha! Kura zilikuwa za kunyoosha mikono. Khalidi tisa. Mimi nane, wale wa ukoko. Wengine wote walikuwa wamelala juu ya magunia, midomo wazi.

Wilhelmina anasema alinitikisa mara mbili, maana mkono wangu ungeleta sare. Anasema nilimwomba aniongezee mchuzi. Kura yangu mwenyewe! Kija hakunigombeza. Ametandika kitanda, akageukia ukutani. Heri angenigombeza.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Shamsia kudai maelezo. Nikamwambia homoni zake zimeniangusha. Akanihoji mwanzo mpaka mwisho. Ghafla akashika mbavu, akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Akasema yeye alinieleza hamu ya kula. Kula! Nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo. Akasema hapana, wewe ulitaka kura. Nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo.

Akatamka maneno mawili, polepole, huku akinionyesha ulimi. Nilisikia neno moja mara mbili. Uzee unamjia vibaya, mama wa watu.

Jumatatu, 19 Septemba

Juzi Khalidi aligawa vizimba. Hakuwa na kinyongo, hilo ndilo baya zaidi. Alinipa mkono, akasema ni utaratibu tu. Nimepewa cha mwisho. Ukuta wangu ndio ukuta wa choo.

Leo asubuhi Kija amefika, amevuta hewa mara moja, amefungasha viatu vyote vya kike ndani ya kanga. Akaenda kumwomba Khalidi pembe ya kizimba chake. Akapewa. Mpaka saa nne alikuwa ameuza jozi sita, tena anacheka na wateja. Mimi hajanichekea tangu Alhamisi. Imeniuma, sitaficha.

Lakini nimegundua jambo! Nilipoketi, harufu ilinikata pumzi. Baada ya dakika kumi na tano, hola, siisikii. Ubongo umeizoea, umeacha kupokea habari zake. Kwa hiyo tatizo langu si choo. Tatizo ni kwamba wateja wanaondoka kabla ubongo wao haujazoea. Wakae dakika kumi na tano tu, watanunua, na Kija atarudi mwenyewe.

Saa sita akaja mama mmoja, mnene, kaziba pua. Akavua kandambili zake ajaribu viatu vya kiume, vya kumnunulia mumewe, eti miguu yao inalingana. Nikachukua kandambili moja taratibu, nikaikalia, nikamweleza kwa upole kwamba ataipata baada ya dakika kumi na tano. Macho yakamtoka. Jasho, pumzi juu juu, akapiga yowe, akatimua mbio na kandambili moja mpaka barabara kuu. Mama mnene vile! Hizo ni tezi mbili zinazokaa juu ya figo, zile za homoni ya hofu, zinafanya kazi barabara.

Kosa langu nimeliona. Kesho nitakalia zote mbili.