Nyuzi Ishirini na Sita, Asubuhi, Mchana na Jioni

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: KUITWA MWONGO NA MWALIMU WAKO KWA WINO MWEKUNDU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na karani wako wa pale mlangoni aliyenipa maji ya kunywa. Sisi hapa hatujambo, watu watatu na samaki saba.

Mimi ni mama wa yule binti mrefu wa useremala, anayeweka penseli sikioni hata akienda kanisani kwa harusi ya watu. Ni kitinda mimba wangu. Usipomjua kwa sura utamjua kwa kazi: ndiye aliyejenga paa la tangi la samaki kwa mtihani wake wa mwisho. Wenzake walileta stuli. Stuli, Ndugu Mkuu! Hata mimi nikipewa nyundo na hasira nitatoa stuli.

Paa lenyewe lipo sebuleni kwangu, juu ya tangi la kioo lenye urefu wa kochi la watu wawili. Kwa mbali utadhani ni kabati la mgeni mheshimiwa. Mbao imepigwa randa na msasa mpaka inzi akitua anateleza. Vanishi imepakwa mara tatu. Mbele kuna kamlango ka bawaba ka kupitishia chakula, ndani kuna taa, na nyuma kuna feni mbili ndogo kama visahani vya chai, za kuondoa joto la taa ili maji yasichemke samaki wakawa mchuzi.

Mwalimu wa useremala, yule ambaye wanafunzi humwita Msasa kwa sababu akikupitia lazima upungue, alikagua akasema kazi ni safi, ila paa zuri ni lile linaloyaacha maji katika joto linalowafaa samaki. Akataka vipimo vya siku thelathini. Sasa binti yangu anashinda karakana ya fanicha anakofanya mazoezi, ambako wameahidi kumwajiri siku atakayowapelekea cheti. Basi nani apime? Mama. Nikapima mara tatu kwa siku, nikaandika kwenye daftari, nikalifunga kwa karatasi ya maua, nikalileta chuoni kwa miguu yangu miwili. Limerudi jana, limeandikwa: "Vipimo vya kubuni. Arudie mwaka." Nasikia kikao chenu cha vyeti ni Ijumaa. Ndiyo maana nimekaa chini na kalamu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeitwa mwongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina siku thelathini na vipimo tisini, na vyote ni nyuzi ishirini na sita. Kama ningekuwa nabuni, si ningechomeka hata ishirini na saba moja ya kuzugia? Mwongo hutia chumvi. Mimi sikutia hata punje.

2. Mwalimu anadai haiwezekani. Siku ya nane iliamka na mvua ya baridi, baba wa binti akavaa soksi mbili mbili: ishirini na sita. Siku ya kumi na tano jua lilikuwa kali mpaka mshumaa niliousahau dirishani ukainama wenyewe: ishirini na sita. Siku ya kumi na tisa umeme ulikatika tangu asubuhi, taa kimya, feni kimya: ishirini na sita! Niambie, Ndugu Mkuu, ni seremala gani mwingine ambaye kazi yake inafanya kazi hata ikiwa imezimwa?

3. Kipimajoto hakina doa. Nilikichagua mwenyewe dukani. Hata kabla hakijaonja maji, kikiwa ndani ya boksi lake, kilikuwa tayari kinasoma ishirini na sita, nikamwambia muuzaji, hiki kimezaliwa na kazi yake. Binti nilimkataza kabisa kukigusa, watu wasije wakasema tumepika namba.

4. Mashahidi hawakuulizwa. Tangu siku ya kwanza, kila adhuhuri nikifungua kale kamlango, samaki wote walikuwa wakipanda juu midomo wazi, wakiongozwa na yule mnono wa rangi ya chungwa tunayemwita Shangazi kwa sababu hula kwanza na kulalamika baadaye. Mdomo unafunguka, unafumba, unafunguka. Ni salamu na shukrani. Wiki mbili hizi za mwisho wameacha, nadhani wamenizoea. Binti yangu alipowaona mara ya kwanza alikunja uso akaenda zake nyuma ya tangi. Mafundi ndivyo walivyo, hawajisifu. Ndiyo maana nipo mimi.

5. Hili ndilo limeniuma zaidi. Nilipoleta daftari nilikaa kwenye benchi la ofisi yako. Joto la mle ndani! Karani alikuwa akijipepea kwa faili, nikatupa jicho, kumbe faili lenyewe ni la binti yangu. Yaani chuo kina mtu anayejua kutuliza joto, halafu kinajipepea kwa karatasi zake!

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote. Kwanza, ule wino ufutwe na cheti kiandikwe. Pili, Mwalimu Msasa aje akae sebuleni kwangu siku thelathini akikitazama kipimajoto. Kiti kipo, chakula kipo, na akichoka Shangazi atampokea zamu. Tatu, ofisi yako ijengewe paa kama lile, lenye feni mbili na kamlango ka mbele ka kukupitishia chai, nawe utakaa katika nyuzi ishirini na sita mpaka ustaafu. Likikufaa wewe, lijengwe la chuo kizima. Na tukifika hapo sioni kwa nini Msasa aendelee kukagua watu. Arudie mwaka yeye, binti yangu amfundishe. Hana kinyongo, sikumlea hivyo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe kwa sura naona ni rika la kifungua mimba wangu, ningekuita mwanangu, lakini cheo ni cheo.

Nisalimie karani, na mlinzi wa getini aliyenishikia mwavuli, na wote wanaokula jasho lao hapo chuoni. Msasa naye msalimie, lakini kidogo. Baba wa binti anakusalimu, anasema yeye hayumo katika barua hii.

Wako katika ukweli usiopanda wala kushuka,

Mama wa Binti wa Paa la Samaki

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha binti amerudi kazini, nikamsomea yote kwa sauti. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akakitoa kipimajoto tangini, akakifuta, akakitumbukiza kwenye chai yangu. Ishirini na sita. Chai hiyo ilikuwa imetoka kuniunguza ulimi. Tumekiweka kwenye friji: ishirini na sita. Tumekiweka kwapani mwa baba yake: ishirini na sita, naye bado anauliza chakula kiko wapi.

Ndipo akatoa daftari lake. Kumbe siku zote thelathini alikuwa akipima kwa kipimajoto cha kuazima karakana, alfajiri na jioni, na mchana siku za mapumziko. Mwanzoni maji yalifika thelathini na moja. Shangazi hakuwa akinisalimia, alikuwa akitafuta hewa. Feni zote mbili zilikuwa zikisukuma hewa ndani, hakuna iliyotoa joto nje. Binti akageuza moja, akatoboa matundu sita nyuma, na tangu hapo maji ni ishirini na tano, ishirini na saba, yanapanda na kushuka kama maji ya watu wengine. Nimemuuliza kwa nini hakuleta daftari hili. Amesema nilikuwa nimeshafunga langu kwa karatasi ya maua.

Basi futa malalamiko yote matano. Daftari la kweli limo humu. Msasa mwambie alikuwa sahihi, ila mwambie kwa sauti ndogo. Na kama ni lazima kikao cha Ijumaa kimrudishe mtu mwaka, kinirudishe mimi. Nafasi ninayo, na karatasi ya maua imebaki.