Ua la Mwenyekiti Maduhu

Jumatatu, 2 Machi
Nimesoma kitabu! Kizima, isipokuwa katikati. Habari za Mzungu mmoja wa karne ya kumi na tisa: asubuhi hakimu, jioni anakausha majani. Maua manane yanaitwa kwa jina lake. Manane! Mimi ni mwenyekiti wa kijiji mwaka wa pili sasa, hata gugu halijaitwa Maduhu. Saa kumi nikaona ua la zambarau nyuma ya ofisi. Geni kabisa. Nimelibana ndani ya kitabu cha mihutasari likauke. Rhoda, mtendaji wetu, analalamika kwamba mgogoro wa mpaka wa malisho umelowa rangi na hausomeki. Hana moyo wa sayansi.

Jumanne, 3 Machi
Nimempelekea Mwalimu Eliya wa baiolojia, mgahawani. Kalitazama kama soksi ya mtu mwingine. Akasema ni gugu tu. Akauliza lina faida gani. Mbele ya watu wote! Nikajikuta nikisema, "Linaota penye dhahabu." Lilitoka lenyewe. Eliya akacheka. Waendesha bodaboda hawakucheka.

Jumatano, 4 Machi
Shikamoo nyingi leo, nyingine za watu walionizidi umri. Wachimbaji sita wamefika kutoka Kharumwa na sululu na makarai. Mkubwa wao, Marwa, kaniuliza ua lenyewe liko wapi. Ningeweza kusema ukweli. Lakini nikawaza: ofisi inasubiri shimo la choo tangu mwaka juzi. Nikawaonyesha nyuma ya ofisi. Wakaanza papo hapo. Bure! Rhoda kanipa mkono. Mara ya kwanza.

Alhamisi, 5 Machi
Choo kimefika futi kumi na mbili. Dhahabu hakuna. Marwa hakukata tamaa, akazunguka kijiji akilitafuta ua. Kalipata. Limejaa shambani kwa mama mkwe wangu, katikati ya karanga. Nilijua tangu jana. Sikumwambia mtu. Kufikia jioni, maduara saba, yaani mashimo marefu ya wachimbaji, karanga zimelala mizizi juu, dhahabu hakuna.

Mkwe amekuja. Kwa adabu zetu hanitazami wala hasemi nami, basi akakaa amenipa mgongo. "Apolonia, mwambie mumeo zile karanga ndizo mboga yetu ya mwaka mzima." Nilikuwa hatua mbili tu. Mke wangu akayarudia neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akafunga furushi, akaondoka na mama yake.

Ijumaa, 6 Machi
Nimepika ugali mwenyewe. Umekataa.

Jumamosi, 7 Machi
Mkutano wa dharura. Ajenda moja: mimi. Nilikuwa na hotuba kuhusu subira katika utafiti, kurasa nne. Nikasimama. Nikamwona mkwe kwenye benchi la nyuma, kageukia ukutani, mikono mitupu mapajani. Hotuba ikapotea. Nikasema, "Nilidanganya. Eliya aliniuliza faida mbele ya watu, nikadanganya."

Wengine wakataka ning'olewe leo leo. Mkwe akamnong'oneza Apolonia, naye akasimama: mama anasema huyu akikosa kazi atashinda nyumbani akifikiri. Bora abaki na kiti chake, ila afukie maduara yote peke yake, apande viazi. Makofi! Nahesabu huu kuwa ushindi wangu wa pili wa uchaguzi.

Jumanne, 10 Machi
Duara la tano. Viganja vina malengelenge, vinawaka moto. Eliya kapita, kataka kuniazima jembe lake, nimelikataa. Nusu saa baadaye nimelifuata. Mchana Apolonia kaleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maji. Kakaa ukingoni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Anasema atarudi nyumbani kesho. Nikainama haraka kufukia, asione uso wangu.

Jumatano, 11 Machi
Duara la saba limekwisha! Katika udongo wa mwisho, mdudu wa kijani, pembe mbili. Sijawahi kumwona. Nimemtia kwenye chupa. Tarsisi, mwenyekiti wa kijiji jirani, alikuwa akipita na baiskeli. Kauliza ni mdudu gani. Nikamwambia jina bado, ila huyu hukaa penye maji tu. Tarsisi akashuka kwenye baiskeli. Kijiji chake hakina kisima.

Kesho asubuhi naenda kwake. Amesema atachinja kuku.