Picha ya Wamucii Kabla ya Leso

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata kazi! Yaani, karibu. Mama Wamucii, mwenye nyumba wangu hapa Waithaka, amepokea mgeni kutoka Poland, Tomasz, na kamera yake kubwa. Anatafuta mtu wa kumwonyesha kipi kinapigwa picha na kipi hakipigwi. Nikifaulu, wageni wake wote wajao ni wangu. Maxwell wa bodaboda naye anaitaka kazi hiyo. Maxwell! Mtu ambaye picha zake zote zina kidole. Nimemwambia Mama kwamba sisi watu wa Kakamega tunazaliwa na heshima. Amesema atanijaribu hadi Jumamosi, siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempeleka Tomasz mjini. Somo la kwanza: asipige chochote kabla ya kuniuliza mimi. Yeye akaenda kumwuliza mng'arisha viatu mwenyewe! Mzee akakubali, akavaa koti, wakacheka pamoja. Nilikasirika. Ili Tomasz ajue mtaalamu ni nani, nikampiga picha askari mlangoni mwa jengo la serikali. Kumbe hairuhusiwi. Akanifutisha picha zote, hata za shangazi yangu. Tomasz akaniombea msamaha kwa Kiswahili cha kitabuni. Nimemweleza kwamba lile lilikuwa onyesho la makosa. Nililipanga.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku kubwa. Desturi ya hapa ni tamu: bibi harusi na wenzake hufunikwa leso kichwani hadi miguuni, bwana harusi amtambue wake. Akikosea, kina mama humtoza faini na kumcheka hadi jioni. Tomasz aliuliza kama anaweza kuingia, akaambiwa angoje nje mpaka aitwe. Akangoja, kamera ndani ya mkoba! Uoga mtupu. Mimi nikaingia chumbani, nikampiga picha Wamucii, bibi harusi, akifunikwa leso ya kijani, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la sherehe ili Mama aone kazi yangu. Kumbe Kibe, bwana harusi, naye yumo kundini.

Kibe aliingia, akawapita wote, akashika leso ya kijani bila hata kusita. Shangazi mmoja mzee, aliyejificha kati ya wasichana makusudi ili Kibe amchague yeye, akajifunua kwa hasira. "Nani ameharibu hii kitu yetu?" Watu wakatazama simu zao, kisha wakanitazama. Mama Wamucii alikaribia kulia. Alisema ameingoja siku hiyo tangu binti yake azaliwe. Roho iliniuma. Nikapendekeza turudie, kwa leso nyingine. Shangazi akanitoa nje na mwiko.

Jumapili, 10 Agosti
Kazi imeenda kwa Maxwell. Maxwell, ambaye jana hakupiga hata picha moja! Sasa hiyo ndiyo sifa? Tomasz, ambaye kina mama walimwita mwishoni awapige picha za familia, amenipa mkono na kunishauri siku nyingine niulize kwanza. Nimemwitikia tu. Mgeni ni mgeni, hajui mambo.

Sijavunjika moyo. Ijumaa kuna mazishi ya mzee mmoja wa Woodley, na sijasikia mtu akitaja mpiga picha. Sitawauliza. Wana majonzi, kuwauliza ni kuwasumbua. Nitasimama karibu kabisa na jeneza. Atakayelia vizuri nikamkosa, nitamwomba arudie.