Wimbo wa Mafundo Kumi na Saba

Jumanne, 14 Septemba 1926

Leo Bwana Gurvits, mwenye ukumbi wetu wa michezo ya kuigiza wa Barabara ya Pili, amelala wakati nampigia wimbo wangu mpya wa harusi. Si kusinzia. Kulala, mdomo wazi! Nikapiga piano kwa nguvu zaidi. Akageukia upande wa pili.

Alipoamka alisema wimbo ni mzuri sana, ila hauna Uyahudi ndani yake hata chembe, na ungefaa kwenye sherehe ya gavana. Kuniambia hivyo mimi, Zelig Pomerants! Babu yangu alisalisha watu sinagogini miaka arobaini. Baba yangu alipiga fidla kwenye kila harusi kuanzia Yampola mpaka mtoni.

Madam Brayne, bibi harusi wetu, akaunga mkono. Ana miaka hamsini na mbili na katika mchezo huu ana kumi na minane. Alisema chini ya chandarua cha ndoa, pale maharusi wanapofungishwa, mwisho wa sehemu ya pili, hadhira lazima ilie mara tatu, na kwa wimbo wangu atakayelia ni yeye peke yake, kwa aibu.

Basi hukumu ikatoka. Nilete wimbo mwingine Jumatatu, baada ya mfungo wa Siku ya Upatanisho. Wimbo huo usipomliza Bwana Gurvits, fimbo ya kuongozea okestra anapewa Kalmen Ziskind. Miaka sita nimeishika fimbo hiyo! Kalmen, fidla ya kwanza, alikuwa pembeni anapaka upinde wake ulimbo. Taratibu. Akitabasamu.

Sina wasiwasi. Wimbo utakuja wenyewe. Mimi ndiye mtu ambaye nyimbo humjia.

Alhamisi, 16 Septemba

Haukuja jana. Leo nimeufuata mkahawani. Glasi tatu za chai ya limau, karatasi mezani, kalamu mkononi. Kalmen akaja akaketi meza ya nyuma yangu, akawa anavuma kitu puani. Nilimpuuza kabisa. Baada ya saa moja nikawa nimeandika kurasa mbili safi, zenye moto, zenye uchungu! Kalmen akachungulia begani kwangu, akasoma, akanipongeza kwa mwandiko mzuri. Ulikuwa wimbo wake. Mjanja sana yule.

Nimetoka pale damu inachemka. Nikapita Mtaa wa Ludlow kununua achari ya matango, kwa sababu nikiudhika hula vitu vichachu. Juu ya duka lile, ghorofa ya tatu, kuna sinagogi dogo la watu waliohamia huku kutoka mji wa Kripitz. Madirisha yalikuwa wazi. Mzee Note, msalishaji wao, alikuwa anajipasha sauti. Jamani! Dukani watu wamesimama na matango nusu mdomoni, machozi yanatiririka. Muuza achari alisema ni siki. Siki gani? Mimi najua siki.

Hapo hapo mpango ukanijia, mzima, umevaa viatu. Sauti hiyo haiimbwi popote ila Kripitz na juu ya duka la achari. Na watu wa Kripitz hawaji ukumbini. Wao hupiga pasi makoti, husali na kugombana. Nikiichukua, nani atajua?

Hinde, mke wangu, anayeshona mavazi pale pale ukumbini, aliniuliza siku ya mfungo nakwenda kwa Mzee Note kumwomba Mungu msamaha au kuiba. Nikamwambia mtu mwenye mpangilio hufanya yote mawili kwa safari moja. Akarudi kwenye pindo la gauni la Madam Brayne.

Jumapili, 19 Septemba

Ushindi! Nauandika wote.

Jana asubuhi nilikula samaki wa chumvi na mkate, dirisha limefunikwa pazia. Najua ni siku ya mfungo. Lakini fundi hafanyi kazi na tumbo tupu, na mimi nilikuwa kazini. Hinde alikuwa amefunga. Alinusa vidole vyangu akanigeuzia mgongo.

Nikavaa shali ya sala ya marehemu baba mkwe, nikapanda ghorofa ya tatu. Watu tele, joto la kufa mtu, kila mmoja kakauka kwa njaa. Nikajibana kati ya ukuta na mzee mmoja mpana. Shida ikawa moja: siku hiyo kuandika ni haramu. Nikitoa kalamu mle wangenitupa dirishani. Lakini kichwa cha Pomerants kinafanya kazi! Nikaanza kufunga mafundo kwenye matamvua ya shali. Sauti ikipanda, fundo nene. Ikishuka, fundo dogo. (Kufunga mafundo nako ni haramu siku hiyo, lakini hakuna kelele.)

Nilingoja mpaka sala ya kufungia, ile ya jioni, milango ya mbinguni inapokaribia kufungwa na kila mtu amesimama. Mzee Note akafungua kinywa. Sitasema mengi. Mimi sina ibada, lakini nililazimika kuushika ukuta. Mafundo kumi na saba! Halafu baragumu la kumaliza mfungo likapulizwa, wakatakiana mwaka ujao Yerusalemu, na kabla sijavua shali chumba kilikuwa kitupu. Walikwenda kula. Sijaona watu wakishuka ngazi namna ile, na wengine walikuwa vikongwe.

Yule mzee mpana ndiye aliyebaki, amenishika mkono. Anaitwa Zanvl Kornblat, mpiga pasi, mwenyekiti wa chama cha watu wa Kripitz. Macho yamemlowa. Alisema ameniona nikifunga mafundo, ameelewa kwamba nahesabu dhambi zangu moja moja, na hajaona kijana mcha Mungu kama mimi tangu atoke kwao. Nilimwachia aendelee. Akaniuliza kazi yangu. Ningeweza kusema fundi saa. Lakini mtu akikusifu hivyo utamfichaje? Nikamtajia ukumbi, mchezo, tarehe, na kwamba muziki wote ni wangu.

Jumatatu, 20 Septemba

Bwana Gurvits amelia. Nimempigia mara moja tu. Nimeuchangamsha kwa mdundo wa kucheza, tatu-tatu, usijulikane ulikotoka, na bado amelia. Madam Brayne akalia akaomba upandishwe kidogo, ulingane na sauti yake. Kalmen amekuwa mweupe kama chaki! Aliniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia moyoni. Akasema moyo wangu anaufahamu, humo hamna kitu kama hicho.

Fimbo ni yangu! Nimelala nayo mchana, chini ya mto.

Jioni simu ikalia ofisini. Bwana Kornblat! Chama cha watu wa Kripitz kimenunua ukumbi mzima kwa onyesho la ufunguzi, Jumapili mchana, katikati ya Sikukuu ya Vibanda. Viti vyote, mpaka roshani ya juu, kwa heshima ya yule kijana wa mafundo. Bwana Gurvits alinibusu kwenye paji la uso. Miaka sita hajawahi hata kunipa mkono.

Hinde peke yake hakufurahi. Aliweka sindano chini, akasema, "Zelig, baba, hao wataisikia sauti yao wenyewe."

Nikamwambia nimeibadilisha mdundo. Akasema hata akimvalisha mama yake kofia ya askari bado atamjua. Wanawake huogopa mafanikio, ndivyo nionavyo. Wakiitambua, si watajiona wametukuzwa?

Jumapili, 26 Septemba

Naandika jikoni. Hinde ananikatia mkate kimya kimya, jambo ambalo si dalili nzuri.

Saa nane na nusu ukumbi umefurika. Wapiga pasi, washona viatu, wake zao wenye shali za hariri, mabibi na vitukuu, na machungwa yanamenywa kila safu. Mzee Note mwenyewe kaketishwa safu ya kwanza, nyuma ya mgongo wangu. Sehemu ya kwanza walicheka mpaka taa zikatikisika. Sehemu ya pili wakamzomea mchumba tajiri, kama inavyopasa. Kisha chandarua kikasimamishwa, Madam Brayne akainua shela, nami nikainua fimbo.

Mafundo matatu ya kwanza, kimya. La nne, nikasikia kiti kimoja kikigonga nyuma. Halafu kingine. Halafu vyote. Wamesimama! Mgongo ukanisisimka. Nikajisemea, Zelig, hujawahi kuona hadhira ikisimama katikati ya wimbo, na hujawahi kwa sababu hakuna aliyewahi. Machozi yakanitoka. La nane, wakaanza kuimba nao, wanaume kwa wake, wanajipigapiga vifua. Mdundo wangu wa tatu-tatu waliukanyaga wakauacha kando, na okestra, wasaliti wale, ikawafuata wao. Kalmen alipiga fidla macho yamefumbwa. Madam Brayne hasikiki tena, mdomo tu unafunguka. Bwana harusi, ambaye marehemu baba yake ni mtu wa Kripitz, aliacha kushika mkono wa bibi harusi akageuka kuelekea mashariki, kama mtu anayesali.

Nikageuka kuinama. Niliinama mara mbili.

Fundo la kumi na saba lilipokwisha, mtu kule roshani akapuliza baragumu kwa kinywa chake kitupu, wote wakatakiana mwaka ujao Yerusalemu, wakapeana mikono, wakakumbatiana, na wakaondoka. Wote! Miguu yao ilijua. Miaka yote sauti ile ikiisha wao hukimbilia mezani, na leo wamekula mchana, wana machungwa mapajani, lakini njaa iliwashika kweli kweli. Dakika tano. Mkahawa wa jirani ulimaliza supu, ukamaliza bata, ukaanza kuuza mkate wa jana.

Sehemu ya tatu, ambamo bibi harusi anakufa kwa huzuni, ilichezwa mbele ya Hinde, askari wa zimamoto na mzee mmoja kiziwi. Madam Brayne alikufa kwa hasira.

Mzee Note hakukimbia na wenzake. Alikuja taratibu mpaka ukingoni mwa okestra, akaegemea mkongojo. Nilijua anakuja kunilaani. Nikatayarisha maneno. Lakini alizungumza kwa upole, na hilo ndilo linalonikwaza mpaka sasa.

"Mwanangu, pale katikati unashuka. Mimi hushuka kwa sababu pumzi imeniishia, tangu jana yake sijatia kitu kinywani. Wewe umeshuka umeshiba. Inasikika."

Mimi! Nilitazama viatu vyangu mpaka mkongojo wake ulipoacha kusikika.

Bwana Gurvits hakugomba. Aliitoa fimbo mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja, akamkabidhi Kalmen. Mimi nimepewa matoazi. Kalmen alinielekeza kwa upole kwamba katika mchezo mzima nayagonga mara mbili, na kwamba mara ya pili ni hiari.

Jumanne, 28 Septemba

Siku mbili za kufikiri na akili imetulia. Kwanza, mambo mazuri. Mwenye mkahawa amenitumia paja la bata na salamu, akiomba wimbo ule upigwe kila Jumapili. Bwana Kornblat hajakasirika. Anasema hakuwahi kumaliza mfungo mara mbili kwa mwaka mmoja. Hinde amehangaika saa tatu kufungua mafundo ya shali ya baba yake, na amefungua kumi na mawili. Aliniambia nikamwombe Mzee Note radhi, kisha nikae chini nitunge wimbo wangu mwenyewe, hata kama mbovu. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Lakini kosa nimeliona wapi lilipo. Si kuchukua. Ni kuchukua sala ya kufungia! Mtu ukimwimbia kwamba siku imekwisha, atakosaje kwenda kwake? Kinachotakiwa ni sala ya kumweka mtu ndani mpaka pazia la mwisho.

Na keshokutwa, Alhamisi, katika kila sinagogi, wanasali kuomba mvua! Kule Mtaa wa Rivington kuna watu wa mji wa Bilkov, na msalishaji wao, nasikia, akiiomba mvua watu hujikunyata kwenye viti. Tena siku hiyo si ya kufunga, kwa hiyo kushiba kwangu hakutasikika. Mafundo matano bado yamo kwenye shali, nitaanzia hapo. Bwana Gurvits akiusikia, fimbo itarudi mkononi mwangu kabla ya majira ya baridi.

Maana mvua ikishaanza kunyesha, nani atatoka ukumbini?