Kuhusu Skrubu ya Kamera Namba Mbili na Rangi ya Uso Wangu

Mwongeli Musyoka,
Kidato cha Tatu,
Benchi la nne, upande wa kwaya.

17 Machi

Kwa Mzee Irungu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mitambo na Matangazo,
Ofisi ya Kanisa, Pumwani.

Mpendwa Mzee Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA KURUDISHIWA RANGI YANGU YA KAWAIDA

Pokea salamu zangu za heshima. Naomba radhi kukuandikia barua ilhali mlango wa ofisi yako uko hatua kumi kutoka benchi langu. Jumapili tatu zilizopita nilifika mlangoni ili nikueleze jambo hili kwa mdomo. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama bomba la maji limetengenezwa. Mara ya pili nilikuletea kiti ambacho hukuwa umekiomba. Mara ya tatu ulinipa peremende ukaniambia nisalimie nyumbani, nami nikasalimia. Nimeona afadhali niandike.

Jambo lenyewe ni hili: tangu sare mpya za kwaya zizinduliwe, kila mtu anayeonyeshwa na kamera namba mbili, ile inayotazama upande wa kwaya, huonekana kijani. Ni kijani kabisa, Mzee, kile cha ndizi za kupika.

Niruhusu nieleze chanzo chake kwa upole, kwa kuwa wahusika wote ni wakubwa zangu. Kanisa lilikubaliana kwamba sare ziwe za buluu. Mama Waithera alitumwa soko la Gikomba kuchagua kitambaa, akakichagua kwa uangalifu mkubwa, akiwa ndani ya kibanda kilichofunikwa turubai la buluu. Chini ya turubai la buluu, Mzee, hata viazi ni vya buluu. Kitambaa kilipotolewa juani kilikuwa kimeshakatwa na kushonwa, na kilikuwa kijani chenye ubuluu wa mbali, kama chupa ya dawa. Pengine hapo mtu angesema, "Tumekosea." Badala yake Shemasi Muoki, fundi wetu mwaminifu, alichukua bisibisi.

Kamera zetu mbili ni za zamani. Tuliletewa na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo zikiwa zimeshastaafu huko. Ndani yake rangi husafiri juu ya wimbi moja dogo lenye mbio sana. Kinachoamua kama kitu ni chekundu au kijani ni namna wimbi hilo lilivyochelewa likilinganishwa na wimbi kiongozi. Kuchelewa huko vitabu hukuita awamu, na ubavuni mwa kamera mna sakiti ya kukurekebisha, yenye skrubu isiyozidi punje ya mtama. Ni kama watu wawili wanaotwanga muthokoi, mahindi ya kukoboa, katika kinu kimoja. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi hugongana. Kwenye kamera hakuna kinachogongana, ila watu hubadilika rangi.

Shemasi aliizungusha skrubu hiyo mpaka sare zikawa buluu kwenye skrini. Kazi nzuri, na kwaya ilipiga vigelegele. Lakini sakiti ile haichagui. Ikizungusha rangi moja huzungusha zote kwa pembe ileile. Sare zilipotoka kijani zikaingia buluu, nyuso zetu nazo zilitoka kahawia zikaingia kijani, kwa utaratibu na bila upendeleo. Kisha Shemasi akaifunga skrubu kwa tone la rangi ya kucha aliyoazima kwa binti yake Winny, kama mafundi wafanyavyo ili mkono mwingine usiiguse. Na kamati ikatangaza, mimi nikiwapo, kwamba anayetaka kujua rangi ya sare aangalie skrini, asiangalie kwaya.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya mavuno, Mama Khalayi alileta mkungu wa ndizi zilizoiva vizuri sana. Waumini waliokuwa kwenye hema la nje waliziona kwenye skrini zikiwa mbichi. Walimwombea apate subira.

2. Bendera ya taifa iliyo karibu na kinanda sasa ina manjano palipo na nyekundu, na buluu palipo na kijani. Ndugu mmoja wa ng'ambo aliandika chini ya matangazo yetu akiuliza kwa adabu tuko nchi gani.

3. Ochola, anayepiga ngoma, hunipokea kila Jumapili langoni mbele ya vijana wote: "Niaje Avokado! Umeiva ama tukufunge na gazeti?" Nimefikiria majibu manne mazuri, lakini yote huja Jumatatu.

4. Hili ndilo linaloniumiza, na kama huna nafasi ya kusoma mengine, tafadhali soma hili.

Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Susu, anaishi karibu na Mwingi. Kila Jumapili hutazama ibada yetu kwenye televisheni ya Baba Mdogo Nyamai. Aliponiona kijani Jumapili ya kwanza, alisogeza kiti karibu na televisheni. Ya pili alipiga simu akasema ini langu limeharibika. Ya tatu alituma mfuko wa mizizi ya kuchemsha, ambayo nimeinywa yote kwa sababu ya heshima, na ladha yake sitaieleza hapa kwa sababu hii ni barua ya kanisa.

Nilimwambia mimi ni mzima. Akasema mgonjwa wa ini huwa hajijui. Mama yangu, ambaye ni sauti ya kwanza katika kwaya hiyohiyo, alimweleza kwamba ni kamera. Susu akajibu kwamba mke wa mwanawe ni mtu mzuri, ila hajawahi kukubali kwamba mtoto wake anaumwa. Nikamtumia picha niliyojipiga kwa simu nikiwa kahawia kabisa. Akasema simu za siku hizi hupaka watu urembo, lakini kanisa haliwezi kudanganya.

Unaona nilivyobanwa, Mzee? Anaamini matangazo yako kuliko anavyoniamini mimi.

Kwa hiyo ameamua kwamba kuanzia muhula ujao nihamie kwake, nisome shule ya huko, ninywe maziwa ya mbuzi, niondoke kwenye moshi wa Nairobi. Baba yangu ni dereva wa lori. Jumapili nyingi humkuta kwenye foleni ya malori kule mpakani Malaba, naye hututazama kwa simu akiwa kwenye usukani. Akirudi nyumbani huniangalia mara mbili, kisha husema, "Mama hajawahi kukosea." Ijumaa ijayo ataenda shuleni kuomba barua ya uhamisho. Nikihamishwa nitaacha maktaba yetu, nitaacha chama cha sayansi ambacho ndio kwanza nimechaguliwa kuwa katibu wake, na nitaacha mashine ya kuonyesha mawimbi ambayo shule ilipewa mwaka jana na ambayo ni watatu tu tunaojua kuiwasha. Nampenda Susu sana. Lakini siwezi kuhama wilaya kwa sababu ya skrubu.

5. Nilijaribu kujisaidia mwenyewe kabla ya kuisumbua kamati. Nilipiga hesabu: kama kamera inazungusha rangi zote karibu nyuzi sitini, basi mtu anayetaka kutoka kahawia anapaswa kuingia akiwa rangi ya zambarau iliyofifia. Nilisaga chaki ya waridi na ya zambarau, nikachanganya na mafuta ya kujipaka, nikapaka shavu la kulia peke yake, kama jaribio la kisayansi linavyotaka. Jaribio lilifaulu. Kwenye skrini shavu la kulia lilikuwa kahawia safi na la kushoto kijani. Mama alinitoa nje kabla ya wimbo wa pili, na Susu akapiga simu kabla ya sadaka kusema kwamba ugonjwa umehamia upande mmoja na sasa ni kupooza.

6. Kuna pia suala la ukweli, ambalo mimi ni mdogo sana kulizungumzia, kwa hiyo nimeliweka la mwisho na silizungumzii.

Baada ya malalamiko hayo, naomba kamati inisaidie kwa mojawapo ya njia zifuatazo. Nimezipanga kuanzia iliyo rahisi.

Kwanza, skrubu irudishwe ilikokuwa. Hili ni la dakika moja. Fundi Kadar wa Majengo, anayetengeneza televisheni na ndiye aliyeniazima kitabu nilichosoma haya, yuko tayari kuja na bisibisi yake na kitambaa cha kufutia rangi ya kucha. Hataki malipo. Anachotaka ni karatasi yenye mhuri wa kanisa, kwa sababu, alivyosema, "Mimi natoka upande wa msikiti. Sitaki Majengo nzima iseme Kadar amegeuza Wakristo rangi bila barua."

Ikiwa hilo litaleta aibu kwa sababu ya sare, basi, pili, kamera namba moja nayo izungushwe vilevile. Mimbari iwe kijani, wazee wawe kijani, nawe Mzee, kwa heshima zote, uwe kijani. Kanisa zima likiwa rangi moja hakuna atakayeonekana mgonjwa, na Susu hawezi kutuhamisha sote.

Ikiwa hilo nalo halikubaliki, basi, tatu, waumini wote wa upande wa kwaya wapakwe langoni mchanganyiko wangu wa zambarau, mashavu yote mawili. Nimeacha kichupa cha mfano kwa mlinzi. Ndizi, nyanya na mahindi ya mavuno vipakwe vyake, nimetengeneza jedwali. Bendera ishonwe upya kwa rangi zitakazogeuka kuwa rangi zake. Mtu atakayeingia kanisani kwa macho yake bila skrini atashangaa kidogo, lakini kamati imeshaamua kwamba macho si ushahidi, kwa hiyo sioni tatizo.

Na ikiwa hata hilo ni gumu, basi, nne, naomba cheti. Kiandikwe: "Aliye na karatasi hii ni kahawia." Kitiwe saini yako, ya Shemasi Muoki na ya Mama Waithera, na kisomwe kwenye matangazo ya Jumapili hii, mbele ya kamera namba moja tafadhali, ili Susu na Baba wasikie kutoka kwenye chombo wanachokiamini.

Nisingependa mtu yeyote aaibike kwa sababu yangu. Mama Waithera amenifundisha Shule ya Jumapili miaka minne, na Shemasi Muoki ndiye aliyenionyesha ndani ya kamera nilipokuwa darasa la sita, akaniambia hakuna kitu kidogo ndani ya mashine. Alisema kweli. Naamini pia kwamba kijani cha sare, kikiangaliwa juani, ni kizuri. Nimewahi kukiangalia kwa siri, kwa macho yangu, na nilikipenda.

Nisalimie Mama Sally nyumbani kwako, wajumbe wote wa kamati, mlinzi wa lango, na Mama Khalayi ambaye ndizi zake zilikuwa mbivu. Msalimie Ochola pia, lakini usimwambie nimemsalimia.

Wako katika ibada, na kwa sasa katika kijani,

Mwongeli Musyoka

Tanbihi: Mzee, nilikuwa nimeshapaka gundi bahasha wakati Susu alipopiga simu. Nilimweleza kwamba nimeandikia kamati. Alicheka mpaka Baba Mdogo Nyamai akaja kuuliza kuna nini. Akaniambia, "Mwongeli, wewe na vitabu vyako! Ini gani hilo linaloumwa upande wa kwaya na kupona kwenye mimbari? Si nilimwona mchungaji wenu akivuka, huku kijani, huku mzima? Nilijua ni mashine tangu siku ile ya kwanza."

Nikamuuliza, basi mizizi ilikuwa ya nini. Akasema mizizi haimdhuru mtu. Nikamuuliza, na kuhama je. Akasema, "Agosti nilikuita ukasema una kitabu. Disemba nilikuita ukasema una kitabu. Mtoto wa siku hizi, ukitaka wiki tatu zake, lazima uombe mwaka mzima, ili akupunguzie."

Tukapatana bei. Nilianza na wiki moja, tumefika likizo yote ya Aprili, na vitabu naruhusiwa kubeba viwili. Yeye mwenyewe atampigia Baba Alhamisi aseme uhamisho hauhitajiki, maziwa ya mbuzi ya likizo yatatosha kuniponya.

Tatizo ni kwamba Baba ameshaniandikisha masomo ya likizo hapa Nairobi, na akijua mimi ni mzima, nitabaki. Kwa hiyo naomba hayo yote niliyoandika hapo juu yasifanyiwe kazi. Fundi Kadar asipewe karatasi, na skrubu isiguswe hata kidogo kabla sijapanda gari la Mwingi. Na kama haitakuwa taabu, Shemasi Muoki aizungushe kidogo zaidi Jumapili hii. Baba bado ana mashaka.